Mwenye bwawa asome kwanza kalenda ya samaki

Nianze kwa kukiri kwamba makala haya yameandikwa na mtu aliyeshindwa. Mwishoni mwa Mei mwaka jana nilikaa saa sita kwenye ukingo wa bwawa moja katikati ya England, mbele yangu wakiwapo samaki wengi na wakubwa kuliko waliokuwa mbele ya mshindani mwingine yeyote, na jioni mizani iliposomwa nikawa wa mwisho katika kundi langu. Msomaji ana haki ya kusema kwamba aliyeshindwa hakosi kisingizio. Namwomba anisikilize kwanza, kwa sababu siku ile iliniuma mfukoni, na kwa sababu kilichoharibika pale si bahati yangu tu, bali ni namna mkulima mmoja alivyoiendesha biashara yake ya samaki. Na mimi nina mdogo wangu Morogoro anayetaka kuiga biashara hiyohiyo.

Nieleze ni biashara gani, maana wengi wetu tukisikia bwawa la samaki tunafikiria sato, kambare, kilo na bei ya sokoni. Waingereza tangu zamani wamewagawa samaki wa maji baridi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni salmoni na trauti, samaki wa mabwana wenye mito yao. Fungu la pili ni karibu wote waliobaki, wale wanaohesabiwa kuwa samaki wa kawaida, na kuwavua hao ndiyo burudani ya fundi bomba, dereva wa lori na mstaafu wa kiwandani. Mfalme wa fungu hili la pili ni samaki aitwaye kapu (jina hilo halina uhusiano na kapu la sokoni, ingawa tumbo lake lina umbo hilohilo). Nchini Poland na Jamhuri ya Cheki kapu ni kitoweo cha mkesha wa Krismasi. Uingereza ni wachache sana wanaomla. Anavuliwa, anapimwa, anarudishwa majini akiwa hai, na kesho anavuliwa na mtu mwingine.

Mara ya kwanza mwenzangu wa kazini aliponialika, miaka mingi iliyopita, nilikwenda na ndoo. Nilipopata samaki wa pili nikaanza kupanga kichwani nani wa kumgawia na nani wa kumkaangia. Yule bwana alipoona ndoo alinivuta kando akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonya ndugu aliyeingia na viatu msikitini, kwamba kuondoka na samaki bila ruhusa ya mwenye bwawa ni kosa la kisheria. Nilicheka. Baadaye, nikiwa kwenye basi na ndoo yangu tupu, nikaanza kupiga hesabu na kicheko kikaisha.

Hesabu yenyewe ni hii. Mfugaji wetu wa Morogoro humlisha samaki miezi sita au zaidi, akamuuza mara moja, habari ikaishia hapo. Mkulima wa England humnunua kapu akiwa mdogo, akamtia bwawani, na kapu akitunzwa huishi miaka ishirini na zaidi. Kila anayekuja kumtafuta hulipa. Akimpata analipa, na asipompata amekwishalipa. Samaki mmoja anauzwa mara nyingi bila kutoka majini.

Mkulima ninayemzungumzia (sitamtaja yeye wala bwawa lake) alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza, wanyama zaidi ya milioni sita waliuawa nchi nzima ili kuuzima, na zizi lake likabaki tupu. Hakununua ng'ombe wengine. Alikuwa na ekari kadhaa za bondeni zenye udongo wa mfinyanzi, zisizofaa kwa ngano kwa sababu zilituamisha maji kila msimu wa baridi. Kasoro ya shamba ikawa ndiyo mtaji. Akakodi tingatinga, akachimba mabwawa manne, akapanda matete, akajenga mgahawa mdogo na kiwanja cha kuegesha nyumba za kukokota nyuma ya gari. Mimi namheshimu kwa hilo, na yafuatayo hayafuti heshima hiyo.

Kila mwaka mwishoni mwa Mei huandaa tamasha la mashindano la siku nne, Jumanne hadi Ijumaa. Wiki hiyo haikuchaguliwa bure. Jumatatu ya mwisho ya Mei ni sikukuu ya taifa, shule nyingi zimefungwa kwa mapumziko mafupi, na watu wana likizo. Tulikuwa washindani sitini. Kila mmoja alilipa pauni 40 kwa siku: 10 za mwenye bwawa na 30 za mfuko wa zawadi. Piga hesabu mwenyewe: mwenye bwawa anapata pauni 600 kwa siku, 2,400 kwa siku nne, kabla hajauza kikombe kimoja cha chai wala kopo moja la funza. Na funza ni biashara. Ndiyo chambo cha kila siku pale, pamoja na nyungunyungu, mahindi matamu ya kopo, vipande vya nyama ya kopo na vidonge vya chakula cha samaki, na vyote hivyo mwenye bwawa anaviuza dukani kwake.

Mashindano huenda hivi. Asubuhi kila mtu anatia mkono mfukoni na kuchomoa namba. Namba hiyo ni ya kigingi kilichopigwa ukingoni, na hapo ndipo utakapokaa hadi jioni, upende usipende. Honi inalia, watu wanaanza. Ukipata samaki unamtia kwenye wavu mrefu uliozama majini mbele yako. Honi ya pili ikilia unanyanyua ndoana, mizani inapita kigingi kwa kigingi, samaki wanapimwa na kurudishwa. Sitini tuligawanywa makundi sita ya watu kumikumi. Wa kwanza katika kundi anapata pointi moja, wa mwisho kumi, na baada ya siku nne mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa hiyo siku moja mbaya haifutiki. Unaibeba hadi mwisho.

Watu wa nje hudhani ni mchezo wa wazee wanaosinzia. Sivyo. Ufito wa kaboni anaotumia mshindani wa kweli hufika mita kumi na tatu hadi kumi na sita, na ulio bora hugharimu zaidi ya pauni 3,000. Wangu niliununua kwa mtu aliyeacha mchezo baada ya kuumia mgongo. Ndani yake hupita uzi wa mpira unaovutika samaki mkubwa anapokimbia, ili mshipi usikatike. Mtu hupima kina kwa sentimita, hubadili boya kwa uzito wa gramu moja ya kumi. Nilikuwa nimefanya mazoezi tangu Machi, kila Jumapili ambayo sikuwa zamu.

Jumanne nilikuwa wa pili katika kundi. Jumatano nikawa wa kwanza. Pointi tatu kwa siku mbili, na kwenye ubao wa mgahawa jina langu lilikuwa la pili kati ya sitini. Nikiri jambo lingine hapa. Jumatano usiku nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia zawadi ikiingia, sehemu yake itakwenda kwenye mabwawa yake. Ahadi ya fedha ambayo haijashikwa mkononi ni ujinga, na mtu wa umri wangu alipaswa kujua. Lakini nilikwishasema.

Ubao ule wa mgahawa ulikuwa na kitu kingine ambacho sikukitilia maanani wakati ule. Kila asubuhi mwenye bwawa huandika kwa chaki joto la maji. Jumanne aliandika nyuzi 16. Jumatano 17. Jumatano ile mawingu yaliondoka, usiku haukuwa na baridi, na Alhamisi asubuhi ubao ulisoma 19.

Alhamisi nilichomoa namba 31 na nusura nirukeruke. Kilikuwa kigingi cha pembeni kabisa, chenye matete upande wa kushoto. Mvuvi yeyote wa mashindano atakwambia pembeni ni neema, kwa kuwa huna jirani upande mmoja, na samaki waliochoshwa na kelele za wengine hukimbilia huko. Wenzangu wawili walinipa mkono wa pongezi kabla hata sijatoa kiti garini.

Honi ililia saa nne asubuhi. Dakika kumi hazikupita matete yakaanza kutikisika. Mwanzoni nilifurahi. Kisha mgongo wa kapu ukatokea juu ya maji, ukafuatwa na wa pili, wa tatu, mapovu, michapo, maji yakavurugika na kuwa rangi ya chai ya maziwa. Madume matatu manne yalikuwa yakimsukuma jike mmoja ndani ya matete kwa nguvu hadi mengine yakilala ubavu nusu nje ya maji. Walikuwa wanataga.

Ambaye hajaona atadhani hiyo ndiyo nafasi ya kuwakamata. Kumbe ndiyo saa mbaya kuliko zote. Maji yakifika nyuzi 18 hadi 20 hivi, kapu huingia kwenye maji mafupi yenye majani. Jike mmoja mkubwa anaweza kumwaga mayai mamia kwa maelfu, yenye gundi, yakanata kwenye mashina ya matete, na madume hurutubisha papo hapo. Wakati huo hawali. Unaweza kumpitishia mahindi mbele ya pua akayasukuma pembeni kama mtu anayesukuma pazia.

Nilitupa chakula kidogo, hakuna. Nikabadili chambo kutoka mahindi hadi nyama, nyama hadi funza, hakuna. Mara boya likazama kwa kishindo! Nikanyanyua ufito: hewa. Likazama tena: hewa. Ilinichukua kama saa nzima kukubali kwamba hakuna aliyekuwa akila. Walikuwa wakipita na kuugonga mshipi kwa miili yao, boya linashuka, mimi nanyanyuka kama mtu aliyeitwa jina. Mara moja ndoana ikamkamata mmoja kwenye pezi la ubavuni. Alivuta mpira wote hadi ukaishia, ufito ukapinda, kisha mshipi ukakatika na akaondoka na ndoana yangu mwilini. Jambo hilo halikunifurahisha hata kidogo. Samaki aliye katika kazi ile hastahili ndoana.

Kuanzia hapo niliacha kabisa upande wa matete, nikavua mbele, mbali, kwenye maji ya wazi, nikitafuta samaki wadogo wenye macho mekundu ambao wakati ule walikuwa wakizunguka kula mayai ya wenzao. Saa tano nilikaa nikiwahesabu mmojammoja. Kigingi cha 39, upande wa kina kirefu ambako kapu wasiokuwa tayari kutaga walikuwa wamejikusanya, jamaa alikuwa akivuta samaki kila dakika tano. Nilisikia vicheko vyao. Upepo ulileta hata harufu ya nyama iliyokuwa ikikaangwa mgahawani.

Mizani ilipofika kwangu ilisoma paundi 6 na aunsi 4, yaani chini kidogo ya kilo tatu. Kigingi cha 39 kilikuwa na paundi 148, kama kilo 67. Nikaandikiwa pointi kumi. Ijumaa nilijitutumua nikawa wa pili katika kundi, jumla pointi kumi na tano, na zawadi kubwa zikaenda kwa waliomaliza na saba, nane na tisa. Pauni 160 za kiingilio, siku nne za likizo, mafuta ya gari, na ahadi niliyompa mdogo wangu, vyote vikaenda na maji yale ya rangi ya chai.

Jioni ile ya Alhamisi nilikwenda kumwona mwenye bwawa. Sikwenda kudai fedha. Nilimuuliza tu kwa nini hakukifunga kipande kile cha matete, alipoona joto alilolipima mwenyewe na kuliandika kwa mkono wake. Alinijibu kwa upole, akifuta meza, kwamba yeye hawaamrishi samaki, na kwamba kigingi ni kigingi: leo umekosa wewe, kesho atakosa mwingine.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Nakubali hawaamrishi samaki. Watu je? Yeye ndiye aliyepiga vigingi, ndiye aliyechagua wiki, na ndiye aliyeamua kwamba watu sitini wakae mahali fulani siku fulani. Bahati nasibu ni haki pale tu ambapo kila namba iliyomo mfukoni ina uwezekano wa kushinda. Namba 31 asubuhi ile haikuwa nayo, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kipimo cha kumwonyesha hivyo kabla honi haijalia.

Nimtendee haki. Mashaka yake yalikuwa ya kweli. Watu sitini wamekwishalipa kiwanja, wengine wametoka mbali, huwezi kuwaambia rudini nyumbani samaki wana shughuli. Na kutaga hakuna tarehe kamili: mwaka mmoja kunaangukia katikati ya Mei, mwingine Juni, baridi ikirudi kunasimama na kuanza upya. Lakini alikuwa na mabwawa manne. Angeweza kuacha vigingi vitano vya matete bila watu na kuwabana wengine kidogo upande wa pili. Angeweza kutamka mwanzoni, kwa maandishi, kwamba maji yakifika joto fulani vigingi fulani vitaondolewa. Zipo sehemu nyingine nchini humo ambako wenye mabwawa hufunga bwawa zima kwa siku chache samaki wakianza, wakapoteza viingilio, na wateja wao hurudi.

Sheria nayo ina historia yake hapa, na inafaa tuijue. Tangu 1878 Uingereza iliweka msimu wa kufunga uvuvi wa samaki hawa wa kawaida ili wazaliane, na hadi leo kwenye mito ya England huruhusiwi kuwavua kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Mabwawa mengi yaliondolewa katika katazo hilo mwaka 1995. Hoja ilikuwa kwamba bwawa ni mali ya mtu, na mwenye mali atalinda samaki wake. Kibiashara lilikuwa jambo kubwa. Miezi mitatu ambayo mito imefungwa, wavuvi wote wanakuja bwawani. Bila mwaka huo biashara ya bwana yule isingekuwa na ukubwa ilio nao. Lakini sheria ilipojitoa ilimwachia yeye kazi ya kufikiri, na Alhamisi ile kazi hiyo haikufanyika.

Sisi tumeliona jambo hili kwa sura nyingine. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa familia zinazoishi kwa migebuka na dagaa wa Kigoma miezi mitatu si mchezo. Hata hivyo kila mtu alijua tarehe, na aliyekuwa na uwezo alijipanga. Mimi sitaki Serikali ya Uingereza iwafungie wakulima mabwawa yao tena. Nataka anayeuza siku ya uvuvi aiuze kwa kutazama kalenda mbili, ya mteja na ya samaki, na zikigongana aseme mapema ni ipi itakayosimama.

Sasa nirudi Morogoro. Mdogo wangu ana mabwawa mawili. Vifaranga vyake vya kwanza alivichukua Kingolwira, akaanza vizuri, kisha likampata lile linalowapata wafugaji wengi wa sato: bwawa lilijaa samaki wa ukubwa wa kiganja na hawakui tena. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, tena huzaa mara kwa mara maji yakiwa ya joto. Ukichanganya madume na majike bila mpango, chakula cha samaki mia kinagawiwa watoto elfu. Sokoni hawanunuliki. Ndipo aliposikia habari zangu za England akapata wazo: watu waje Jumamosi kutoka mjini, wengine kutoka Dar es Salaam, walipe kiingilio, wapewe ndoana na nyungunyungu, watoto wafurahi, kuwe na banda la makuti na nyama choma. Aliniomba fedha za banda na mabenchi.

Wazo si baya, na nilikuwa tayari kutuma. Alhamisi ile ndiyo iliyonisimamisha, kwa sababu sato ana tabia ambayo ingemfanya mteja wa mdogo wangu akae kama nilivyokaa mimi. Jike wa sato hukusanya mayai yake mdomoni na kuyatunza humo hadi yaanguliwe, na wakati huo hali kitu. Kwenye bwawa la mchanganyiko lenye maji ya joto, sehemu ya majike wakubwa watakuwa na midomo iliyojaa. Baba amekuja na watoto watatu, ameketi tangu asubuhi, samaki anawaona, hawagusi. Hatarudi, na akifika mjini atasimulia.

Lipo na la pili, ambalo hesabu ya Mwingereza haivuki bahari kuja nalo. Mtanzania aliyevua samaki wake mwenyewe hatakubali kumrudisha majini, na mimi simlaumu. Nilikwenda na ndoo. Kwa hiyo samaki wa mdogo wangu atauzwa mara moja tu kama zamani, ila sasa anauzwa ukingoni badala ya sokoni. Kiingilio peke yake hakitoshi. Lazima pawe na mizani, kila kilo ilipiwe, na bwawa lijazwe tena kwa mpango. Hata wale wachache wanaorudishwa, kwenye jua la Morogoro na maji yenye hewa kidogo, wengi watakufa wakishikwashikwa.

Nilimwandikia barua ndefu kuliko hii. Nilimshauri bwawa moja alikaushe, alianike lipasuke, kisha atie vifaranga vya madume matupu. Madume hawabebi mayai mdomoni na hukua haraka zaidi. Hilo ndilo liwe bwawa la wageni. La pili libaki la kukuzia, wageni wasilikaribie. Aanze na Jumamosi mbili kwa mwezi badala ya nne. Banda la makuti lingoje. Fedha nilizotuma, ambazo ni chache kuliko nilizoahidi, ni za vifaranga na mizani.

Alinipigia Jumapili kunishukuru. Hakununa kuhusu banda. Aliuliza habari za watoto, akauliza habari za baridi, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibana tangu mwanzo.

"Kaka, shikamoo yako naiheshimu, lakini wewe siku ile ulipata kilo ngapi?"

"Tatu kasoro."

"Kwa pauni arobaini?"

"Kwa pauni arobaini."

"Na ukawarudisha?"

"Wote."

Simu ilinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani salio lake limekwisha.